Kuvuka kwenda Mfangano kuona makumbusho ya Wasuba: mwongozo kwa anayekwenda mara ya kwanza

Watu hunipigia simu kuuliza kiingilio cha makumbusho ya Mfangano ni shilingi ngapi, kama watoto wanakubaliwa, kama kupiga picha kunaruhusiwa. Hakuna anayeuliza boti ya mwisho ya kurudi Mbita, mji wa nchi kavu tunakovukia, inaondoka saa ngapi. Na hilo ndilo swali litakaloamua kama usiku utalala kwenye kitanda ulicholipia au kwenye benchi la duka la mtu huko Sena, kituo kikuu cha kisiwa.

Mimi ni mtu wa Kisumu mwenye ndugu Mbita na jamaa wengi Nakuru, ndiyo maana simu zote huishia kwangu. Kila likizo ya Agosti maswali huwa yale yale, kwa hiyo nayajibu yote hapa mara moja. Ukishika jambo moja tu, lishike hili: ratiba ya safari hii inapangwa na ziwa. Makumbusho yatakungoja. Upepo wa alasiri hautakungoja.

Tunakokwenda ni Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba, katika kisiwa cha Mfangano, Kaunti ya Homa Bay. Ni makumbusho ya wenyeji wenyewe, si tawi la Makumbusho ya Taifa. Usitarajie jumba kubwa lenye viyoyozi. Utakuta vitu vya Wasuba, watu wa Kibantu ambao mababu zao walivuka kutoka upande wa Uganda wakakaa visiwani, na ambao leo wengi wao nyumbani huzungumza Kijaluo. Utakuta pia watu wanaokujulisha michoro ya kale ya miambani, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya wengi kuvuka.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Siku mbili kamili. Ukitoka Nakuru, weka tatu. Kwenda na kurudi Kisumu siku moja kunawezekana kwenye karatasi tu.
- Pesa taslimu, noti ndogo ndogo. M-Pesa inafanya kazi, lakini mtandao ukikatika ukiwa ufuoni, nahodha hawezi kusubiri urudi.
- Kitambulisho.
- Viatu vya aina mbili: ndala au sandali zinazokubali maji, na raba za kupandia mlima. Shangazi yangu wa Nakuru alikuja na viatu vya kanisani. Tulicheka sisi, hakucheka yeye.
- Chombo kisichopenya maji cha kuwekea simu na pesa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, kwa hiyo usitegemee kupewa mmoja dukani. Mimi hutumia kindoo chenye kifuniko kinachobana. Hakipendezi, lakini simu yangu ni ile ile tangu nianze kukitumia.
- Sweta au koti la mvua. Watu husikia Homa Bay wakafikiria joto tu. Saa moja asubuhi katikati ya maji, mawimbi yakikurushia matone, utatetemeka.
- Kofia yenye kamba ya kufunga kidevuni. Isiyo na kamba utaizawadia ziwa.
- Dawa ya kujipaka ya mbu, na ukilala kisiwani hakikisha chumba kina chandarua. Ukanda huu una malaria nyingi.
- Maji ya kunywa na kitu cha kutafuna.
- Miadi. Tuma ujumbe au piga simu makumbusho siku kadhaa kabla, useme mko wangapi na kama mnataka kupanda hadi kwenye michoro. Makumbusho ya jamii hayana wafanyakazi kumi wanaokaa mlangoni kukungoja. Anayekuongoza huenda ana shamba na nyavu pia.

Kuhusu msimu: Januari na Februari, au Juni hadi Septemba, ndiyo miezi ninayoipendekeza. Machi hadi Mei mvua ni nyingi, njia za mlimani huteleza na ngurumo za ziwani si za kuchezea.

Hatua kwa hatua

1. Chagua njia ya kufika Mbita. Ziko mbili kutoka Kisumu. Ya kwanza ni ya barabara tupu: Ahero, Katito, Kendu Bay, Homa Bay, halafu Mbita. Matatu za Homa Bay ziko nyingi, na ukifika Homa Bay utapata matatu ya Nissan au gari dogo la Probox la kwenda Mbita. Kwenye Probox kaa kiti cha mbele ukiweza, kwa sababu nyuma mtabanana kama omena (dagaa) kwenye gunia. Ya pili ni kupitia Ndori hadi Luanda K'Otieno, upande wa Siaya, kisha feri ya kuvuka mpaka Mbita. Feri hiyo hubeba hata magari, na kuvuka huchukua kama saa moja.

Mimi hupenda kwenda kwa feri na kurudi kwa barabara. Feri ni mazoezi mazuri kwa mtu ambaye hajawahi kupanda chombo: ni kubwa, imetulia, na ukiona tumbo linakusumbua hapo, utajua mapema kwamba kesho unahitaji dawa ya kichefuchefu.

Wewe wa Nakuru huna haja ya kuingia Kisumu mjini. Shuka Ahero, ukamate gari la kwenda Homa Bay hapo hapo njiapanda.

2. Fika Mbita kabla ya saa tisa alasiri, ulale hapo. Kosa ninaloliona kila mwaka ni mtu kutoka Kisumu alfajiri, kufika Mbita saa sita mchana, kisha kutaka kuvuka saa hiyo hiyo. Asubuhi ziwa huwa limelala. Kuanzia mchana upepo wa kutoka ziwani huamka, na kufikia alasiri mawimbi yamesimama. Mzaliwa wa hapa anavuka hata hivyo. Wewe mgeni utavuka ukiwa umefumba macho, na hutaona chochote.

Alasiri hiyo itumie kisiwa cha Rusinga, ambako huhitaji boti. Zamani kati ya Mbita na Rusinga palikuwa na tuta lililofunga maji yasipite. Siku hizi kuna daraja na maji yanapita chini yake. Panda bodaboda uende kwenye kaburi la Tom Mboya, waziri wa Kenya aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969 na kuzikwa hapa kwao. Jengo la kaburi limejengwa kwa umbo la risasi. Nimewapeleka watoto pale mara nyingi, na hilo la risasi huwa hawalisahau. Rusinga ndiko pia mwanaakiolojia Mary Leakey alikopata fuvu la Proconsul mwaka 1948, kiumbe wa jamii ya nyani aliyeishi miaka kama milioni 18 iliyopita. Fuvu lenyewe usilitafute kisiwani, halipo.

3. Jioni hiyo hiyo, uliza ratiba kwa watu wawili tofauti. Nenda ufuoni (wenyeji wataita "bichi") uulize feri na boti za Mfangano zinaondoka saa ngapi, na za kurudi ni saa ngapi. Kisha muulize mtu mwingine asiye na boti, kwa mfano mama anayeuza samaki wa kukaanga. Majibu yakilingana, lala. Yasipolingana, fuata lile la saa ya mapema zaidi. Hakikisha mnahesabu saa kwa namna moja: mtu akikwambia "saa mbili" anasema ya Kiswahili, lakini aliyezoea kutaja saa kwa Kiingereza atasema "eight" kwa saa ile ile, na nimeona familia ikikosa chombo kwa kuchanganya hizo mbili.

Usitumie ratiba niliyokutajia mimi mwaka jana. Usitumie ya binamu yako. Vyombo hubadilishwa, hupelekwa matengenezo, na gati zenyewe huhama: mwaka 2020 ziwa lilipanda kuliko wakati wowote uliokuwa umerekodiwa hadi hapo, na sehemu za kupandia ambazo watu walizoea zikaingia majini.

4. Chagua chombo kwa kukitazama kwa macho. Kuna feri za abiria, na kuna boti za mbao zenye injini ya Yamaha nyuma. Feri imetulia zaidi na ina viti vyenye kivuli. Boti ya mbao huondoka ikijaa, hupita karibu na fuo, na ndiyo inayobeba maisha ya kisiwa: magunia ya unga, kreti za soda, kuku waliofungwa miguu, mlango mpya wa nyumba ya mtu. Kwa mara ya kwanza, na hasa ukiwa na watoto, panda feri.

Ukipanda boti ya mbao, angalia mambo matatu. Je, kuna jaketi la kuokoa maisha kwa kila abiria, na si lundo la majaketi sita kwa watu ishirini? Ukingo wa boti uko juu ya maji kiasi gani baada ya mizigo kupakiwa? Nahodha amekunywa? Jibu moja likikutia shaka, shuka. Hakuna atakayekucheka, na akikucheka mwache acheke.

Nasisitiza hili kwa sababu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, upande wa Tanzania wa ziwa hili hili, kikiwa kimebeba watu kupita kiasi. Kilikuwa kinakaribia kabisa kutia nanga. Walikufa zaidi ya watu 200.

5. Vaa jaketi na ulifunge kabla chombo hakijaondoka. Usilikalie kama mto. Kamba za kifuani zifungwe, na kwa mtoto hakikisha jaketi ni la kimo chake. Jaketi la mtu mzima humpanda mtoto mpaka masikioni likamponyoka.

Pasipo na gati, utakutana na vijana wa kubeba watu mgongoni kutoka mchangani mpaka kwenye boti. Ni kazi yao, wana ujuzi, na hawakuangushi ukitulia. Patana bei kabla hujapanda mgongo. Shangazi wa viatu vya kanisani alipatana akiwa tayari juu, katikati ya maji, na unaweza kukisia nani alishinda mazungumzo hayo.

6. Mwambie nahodha au kondakta unakoshuka tangu mwanzo. Sema "makumbusho", usiseme "Mfangano" tu. Kisiwa kina fuo nyingi na vyombo hushusha watu hapa na pale, vingine vikipitia kisiwa cha Takawiri kwanza. Sena ndicho kituo kikuu, penye ofisi za serikali na maduka. Ukishushwa Sena bado hujapotea, kuna bodaboda. Ukishushwa upande mwingine wa kisiwa, umeipoteza asubuhi.

Safari ya boti kutoka Mbita ni kama saa moja hadi moja na nusu. Kaa katikati, utulie. Usisimame kupiga picha. Ukitaka picha ya kisiwa kikikaribia, mlima wa Kwitutu ukiwa umevaa ukungu, ipige ukiwa umekaa; inatoka vizuri vile vile.

7. Ukifika, salimia kabla ya kuuliza bei. "Oyawore" asubuhi, "erokamano" kwa kushukuru. Mzee mwite jaduong', mama mwite mama. Hiki ni Kijaluo na kitakufikisha mbali. Lakini ndani ya makumbusho fanya jambo ambalo wageni wengi hawalifanyi: mwombe mwenyeji wako akutajie jina la kila kifaa kwa Olusuba. Lugha hii ya Kibantu imemezwa sana na Kijaluo, na utashangaa, wewe msema Kiswahili, utakavyokuwa unashika neno hapa na neno pale. Mimi nilikwenda mara mbili nikitazama vitu kimya kimya. Mara ya tatu nikauliza majina, na tulikaa saa nzima kwenye vifaa visivyozidi vitano.

Jisajili kwenye kitabu cha wageni, lipa kiingilio, omba risiti, uliza kuhusu picha. Kisha tazama bila haraka. Anza na vitu vya uvuvi, kwa sababu umetoka kuviona vikiwa hai huko ufuoni: nyavu zinazoanikwa, taa za kuvulia omena usiku wa giza, boti zilizopakwa rangi. Ukiwa na nafasi Kisumu kabla ya safari, pita kwanza Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, uone boma la Kijaluo la Ber-gi-dala na matangi ya samaki. Utaweza kulinganisha cha Wajaluo na cha Wasuba, na maswali yako yatakuwa mazuri zaidi.

8. Panda kwenye michoro ukiwa na mwongozaji, si peke yako. Sehemu mbili zinazotembelewa ni Mawanga na Kwitone. Kwitone ina kupanda, kwa hiyo vaa raba sasa, na ianze jua likiwa bado chini. Utakayoyaona ni miduara ndani ya miduara na mizunguko kama ya konokono, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Inaaminika ilichorwa na Watwa, wawindaji waliokaa hapa kabla ya Wasuba kufika. Wasuba waliikuta, wakaiheshimu, wakaihusisha na kuomba mvua.

Mwongozaji si wa kuonyesha njia tu. Mahali hapa ni patakatifu na pana wenyewe. Kuingia bila mwenyeji ni sawa na kuingia boma la mtu kupitia ua wa nyuma. Makosa ya kuepuka:

- Usiguse michoro. Mafuta ya vidole huiharibu.
- Usiimwagie maji ili rangi "itokee" vizuri kwenye picha. Nimesikia mtu akishauri hivyo kwa kujiamini kabisa. Maji huiondoa rangi polepole.
- Usiifuatishe kwa chaki wala makaa, na usiandike jina lako popote. Aliyechora miduara ile hakuandika lake.
- Usipaze sauti. Ukiambiwa hapa hatupiti, usipite.

9. Rudi ufuoni saa moja kabla ya chombo chako. Boti ya mbao ikijaa mapema, huondoka mapema. Ukiwa na muda, kula. Ngege (tilapia) wa kuchemsha na ugali wa mtama, ukiupata, ni chakula cha kukutuliza kabla ya maji. Usishibe kupita kiasi. Nimeeleza kuhusu upepo wa alasiri.

Mambo yakienda kombo

*Umeachwa na chombo.* Ilinipata safari yangu ya pili, kwa sababu ya mazungumzo marefu kivulini. Usikubali kukodi kaboti kadogo kavuke nawe jioni, hata ukiambiwa ni kwa bei ya huruma. Nenda Sena, uliza nyumba ya wageni; zikijaa, rudi makumbusho au umtafute mzee wa kijiji, ueleze shida yako. Utapata pa kulala. Chombo cha asubuhi ndicho kizuri zaidi hata hivyo, na pesa za dharura ndiyo kazi yake.

*Upepo umechafuka na nahodha anasema hatuendi.* Mshukuru. Usimbembeleze wala kumwongezea pesa. Kikundi cha shule kiwe na siku ya akiba ndani ya bajeti, na wazazi waambiwe hivyo kabla ya kuondoka, ili mwalimu asije akavuka kwa kuogopa simu za wazazi.

*Kichefuchefu kimekushika katikati ya maji.* Tazama nchi kavu ya mbali, usitazame simu wala sakafu. Ukihitaji kutapika, mwambie jirani akushike jaketi, uiname upande ambao upepo unaelekea. Ukikosea upande, jirani hatakusamehe.

*Umekuta mlango umefungwa.* Hukutuma ujumbe, sivyo? Uliza nyumba ya karibu. Mara nyingi mwenye ufunguo hayuko mbali. Kaa ungoje kwa adabu.

*Unatajiwa bei tofauti na ya jirani yako.* Uliza nauli kwa abiria, si kwa mpiga debe, na uulize kabla ya mzigo wako kupakiwa. Mzigo ukishapakiwa, umeshakubali. Mkishindwa kuelewana, kamati ya ufuo, BMU, huwa ina mtu karibu.

*Watoto wanataka kuogelea.* Jibu ni hapana. Maji ya ufuoni yana kichocho, na kuna mamba na viboko. Waliokwisha kuingia, au waliovuka maji kwa miguu mara kwa mara, waende wakapimwe kichocho wiki kadhaa baada ya kurudi, hata kama hawaumwi. Yeyote atakayepata homa ndani ya wiki chache baada ya safari apimwe malaria siku hiyo hiyo.

*Simu imelowa.* Izime, usiichaji, ifute, iache ikauke penye hewa. Na ununue kindoo.

*Kuna hatari ya kweli majini.* Namba za dharura ni 999 na 112. Kaa kwenye chombo kadiri kinavyoelea. Kikipinduka kikabaki juu ya maji, kishikilie, usijaribu kuogelea kuelekea nchi kavu unayoiona iko karibu. Haiko karibu.

*Unataka kurudi na samaki.* Nunua Mbita, si Mfangano, ili usimvushe. Omena waliokaushwa vizuri husafiri mpaka Nakuru bila tabu, ukiwafunga kwenye gunia mara mbili. Mbuta (sangara) mbichi anahitaji barafu na ndoo yenye kifuniko, na lazima umwambie makanga kabla hujapanda, maana akigundua harufu mkiwa Kendu Bay, mtashuka wote wawili.